Blanketi la Miezi Tisa

Nimemkasirikia Mama Brayson kwa miaka kumi na moja, na katika miaka hiyo haijapita wiki sijakaa naye. Wanaotaka habari za mama mwema mwenye machozi ya karibu wakaulize kwingine. Mimi nasema ninayoyajua, kwa sababu tunakaa baraza moja karibu na soko la Babati, mimi na cherehani yangu, yeye na kiti chake cha plastiki na rundo la funguo ambazo nyingine hata kufuli zake zilishakufa.

Jina lake ni Edda. Alizaliwa Dareda kwa wakulima wa mahindi na maharage, akasoma mpaka darasa la saba, halafu akafanya kazi miaka ishirini na saba kama mtunza stoo wa shule moja ya bweni. Unaweza kudhani hiyo ni kazi ndogo. Kwake haikuwa ndogo hata kidogo. Sahani, ndoo, magodoro, mashuka, majembe, vyote vilipita mikononi mwake, na hakuna mwanafunzi aliyepokea hata kijiko kabla ya kusema kwa sauti pale dirishani: nimepokea kimoja, nitarudisha kimoja. Mume wake alipofariki walimzika Jumamosi. Jumanne asubuhi alikuwa dirishani anagawa sahani. Mwalimu mkuu akamsihi arudi nyumbani akapumzike, naye akajibu kwamba watoto hawawezi kulia ugali kwenye viganja.

Siku moja nilimuuliza alijisikiaje wiki ile. Akaniambia hakujisikia kitu. Aliniambia hivyohivyo, kama mtu anayesema chumvi imeisha. Nikadhani anajikaza mbele yangu, lakini nilivyozidi kumzoea nikaona kwamba ni kweli. Kuna watu mguu ukikaliwa vibaya unakufa ganzi, ukinyooshwa damu inarudi. Wa kwake nafikiri haukunyooshwa.

Alipostaafu akarudi mjini kwenye nyumba yake ya vyumba vitatu. Mwanawe Brayson yuko Mwanza na familia yake, anapiga simu Jumapili. Kikundi chetu kilianza asubuhi moja alipokwenda kupima presha, akamwona mwanamke anaruhusiwa kutoka wodi ya wazazi na kichanga kilichoviringishwa kwenye kipande cha shuka. Alikuja moja kwa moja barazani kwangu. Nilidhani atasema amemhurumia yule mtoto. Akasema, "Mama Mujahid, lile shuka lina muhuri wa bweni letu. Lilitakiwa lirudi mwaka juzi."

Nikacheka mpaka sindano ikanichoma. Yeye hakucheka. Alikaa kwenye kiti akatazama barabara kwa muda, halafu akaniuliza kichanga kinahitaji vitu gani ili kisitoke hospitali kikiwa kimefungwa kwenye mali ya shule. Nikamtajia. Akavikariri. Mwezi uliofuata tulikuwa na chumba kimoja cha nyumba yake kimejaa mabeseni, sabuni za mche, mafuta ya mgando, nepi za kitambaa, kofia na soksi, vyote amevikusanya kwa kusimama makanisani na msikitini kwetu na kusema wazi anataka nini, bila kubembeleza. Tukakiita kikundi Mbeleko. Wale wengine tulioanza nao wamehama au wamechoka. Tumebaki mimi na yeye.

Vitu vidogo tunavitoa moja kwa moja, havirudi. Mablanketi ndiyo yanarudi. Tulipewa arobaini na mfanyabiashara mmoja aliyefunga duka lake Arusha, mazito kweli, ya kumfaa mtu wa huku ambako mwezi wa sita upepo unashuka mlima Kwaraa mpaka unaona watu wazima wamejifunika kichwa sokoni saa nne. Arobaini hayatoshi wilaya. Kwa hiyo Mama Brayson akaweka utaratibu wa stoo. Blanketi unapewa mtoto akizaliwa, unalirudisha akifikisha miezi tisa na kuchomwa sindano ya surua, maana wakati huo ameshanenepa na anaweza kulala na shuka la mama yake. Kila mtoto anayelilalia namshonea jina lake kwenye pindo, kwa mkono, uzi mwekundu. Jina halifumuliwi. Yapo mablanketi yana majina tisa, kuna Alawi yuko juu ya Rosa, Rosa yuko juu ya Brayson ambaye si huyu wake. Nikiyafungua kuyaanika huwa nasoma yale majina, na ndiyo sehemu ya kazi hii ninayoipenda.

Siku ya kukabidhi, mzazi anasimama, Mama Brayson anashika upande mmoja wa blanketi na mzazi upande wa pili, na mzazi lazima aseme: "Hili si langu, ni la watoto. Nitalifua, nitalianika kivulini, nitalirudisha." Asiposema hapewi. Nimemgombeza mara nyingi. Nimemwambia mwanamke ana siku tatu tangu ajifungue, hawezi hata kukaa vizuri, wewe unamsomesha kama mwanafunzi wa kidato cha kwanza. Ananijibu kwamba mablanketi yamedumu. Na kweli yamedumu. Yamebaki ishirini na sita baada ya miaka kumi na moja, na hayo kumi na manne hayakuibwa.

Hayo kumi na manne yako ardhini. Mwaka wa pili wa kikundi alikuja mama mmoja ameshika blanketi kifuani, mtoto wake amefariki asubuhi ile. Mama Brayson akamtazama, akamwambia, "Rudi nalo. Ni la kwake, aende nalo." Tangu hapo ukawa utaratibu: blanketi la mtoto aliyefariki halidaiwi. Ni utaratibu mzuri kuliko mwingine wowote tuliouweka, na una kasoro moja tu. Hausemeki. Utamwambiaje mzazi, kichanga kiko kwenye titi, kwamba kikifa usiturudishie blanketi? Ni uchuro. Hata mimi ambaye siogopi kusema siwezi kuutamka. Nilishawahi kumwambia Mama Brayson tutafute namna ya kuwadokeza, akaniuliza namna gani. Basi ukabaki kati yetu wawili. Mji ni mdogo, msiba tulikuwa tunausikia siku hiyohiyo, mmoja wetu anakwenda kumnong'oneza mama mkwe au shangazi, na mambo yanaisha kimya. Miaka yote hiyo tulikuwa tunasikia mapema. Tukadhani tutasikia mapema siku zote.

Mwaka jana mwezi wa tisa alikuja Marietha kutoka Bonga. Msichana mrefu, mpole, uzazi wa kwanza. Mume wake, Sosthenes, yuko Kiteto kwenye vibarua vya mashamba, kwa hiyo anaishi kwa mama mkwe. Mtoto wa kiume, Konstantini. Akashika upande wake wa blanketi akasema maneno yote bila kukosea, kwa sauti ndogo, na Mama Brayson akamwambia arudie kwa sauti kubwa. Akarudia. Hili si langu, ni la watoto.

Mwezi wa sita mwaka huu baridi ilikuja vibaya. Blanketi hatukuwa nalo hata moja chumbani, na mzazi mmoja wa Sigino alikuwa anamlaza binti yake, Elieshi, kwenye kanga mbili. Mama Brayson akapiga hesabu ya miezi kwa vidole, akachukua simu, akaweka sauti ya nje kama kawaida yake ili asilazimike kuishika sikioni.

"Shikamoo mama," sauti ya Marietha ikasema.

"Marahaba. Mama Konstantini, miezi tisa imepita. Surua tayari. Blanketi la watu liko wapi?"

Nilisikia kuku upande wa pili.

"Lipo, mama."

"Kama lipo mbona halijafika? Kuna mtoto Sigino analala baridi."

"Nitaleta, mama. Nisamehe."

Akalileta wiki tatu baadaye, siku ya Alhamisi. Alikuja kwa miguu, blanketi limekunjwa ndani ya kitenge safi. Mama Brayson akalifungua, akalinyoosha kwenye mwanga, akalinusa katikati na kwenye pembe zote nne, maana kuna wanaorudisha likiwa na mkojo. Akasema limefuliwa vizuri. Halafu akasema, "Lakini umechelewa. Kwa ajili yako mtoto wa mwenzio amelala baridi wiki tatu."

"Nisamehe mama."

Mgongoni hakuwa na mtoto. Niliona. Mbele ya Mungu sitasema sikuona. Nilidhani amemwacha kwa bibi yake, nikarudi kwenye sketi za shule nilizokuwa nimeahidi kuzimaliza jioni. Marietha alikaa kidogo zaidi ya inavyohitajika, mkono wake bado uko kwenye pembe ya blanketi. Mama Brayson akalivuta taratibu, kama anavyovuta kitu chochote kinachorudi stoo, na yule binti akaaga akaondoka.

Jioni ileile nikashona Elieshi chini ya Konstantini. Kesho yake blanketi likaenda Sigino.

Zikapita wiki mbili. Hadija, muuza samaki anayekaa Bonga, alikuja kubadilisha zipu ya gauni. Ni mtu wa maneno mengi, na mimi huwa namwacha aseme mikono yangu ikiwa kazini. Mama Brayson alikuwa pembeni anakunja nepi.

"Yule mkwe wa Bibi Sijaona nilimwona siku ile anatoka hapa kwenu," Hadija akasema. "Nikasema afadhali ameanza kutoka. Tangu mwezi wa nne hatoki."

"Ana nini?" nikauliza.

"Si alifiwa na mtoto. Kichomi, siku mbili tu. Ile wiki ya mvua kubwa." Akasogea karibu, akashusha sauti. "Lakini na yeye ana roho ngumu, yule binti. Siku ya kuzika, bibi akasema mtoto afunikwe na blanketi lake, wanalo blanketi zito zuri. Mama mtu akakataa! Mbele ya ndugu na katekista! Akalikunja akalitia sandukuni. Mtoto akaenda chini na kanga moja, ardhi imelowa. Bibi Sijaona tangu siku ile hali chakula alichopika. Ameshamwambia Sosthenes, maharage yakiisha kuvunwa huyu anarudishwa kwao. Na haki yake. Mama gani anamnyima mtoto wake blanketi?"

Cherehani ilikuwa imesimama. Nilimtazama Mama Brayson. Aliendelea kukunja. Alikunja nepi aliyokuwa nayo, akaiweka juu ya nyingine, akachukua iliyofuata, akakunja, mpaka zikaisha. Halafu akauliza, "Maharage ya Bonga yamefika wapi?"

"Yanapigwa sasa hivi," Hadija akajibu. "Wiki hii au ijayo yamekwisha."

Alipoondoka nilingoja. Nilidhani sasa atalia, au atasema Mungu wangu, au ataniambia na mimi nilikuwepo, ambalo ni kweli. Akasimama akafungua chumba, akatoka amekunja uso. Akasema, "Kuna lile blanketi la kitandani kwangu, halijachakaa. Tunaweza kumpelekea hilo."

Hapo nilipasuka. Nilimwambia maneno ambayo sokoni waliyasikia. "Umpelekee blanketi la nini, Edda? La kumfunika nani?" Sijawahi kumwita jina lake tangu tufahamiane. Nikamwambia amekaa na funguo mpaka amekuwa funguo, amemdai mwanamke blanketi la marehemu kwa simu, sauti ya nje, watu wanasikiliza. Nikamwambia amelinusa. Nilikuwa nalia mimi, yeye anatazama barabara.

"Nimelinusa," akasema.

Siku tatu hakutaja habari ile. Alikuja asubuhi, akala chapati yake, akagawa sabuni, akagombana na mtu wa mabeseni. Nilimchukia kabisa siku hizo tatu, na nilijichukia, maana kila nikishika uzi mwekundu vidole vinakataa. Nilijiuliza kama ana moyo. Siku ya tatu akaja mzazi wa Singe na blanketi moja lililokuwa limerudi asubuhi hiyo likatakiwa kukabidhiwa. Yule mzazi akasimama, akashika upande wake, akangoja. Alikuwa ameshafundishwa na jirani yake maneno ya kusema. Mama Brayson akamtazama, akaachia upande wake, akamwambia, "Nenda, mama. Mtoto asipigwe na upepo." Akarudi kukaa. Hakumsemesha neno.

Baadaye akasema, "Funga cherehani. Twende Bonga."

Hatukubeba blanketi. Tulinunua sukari na unga, kama watu wanaokwenda kutoa pole, tukachukua bajaji. Njiani sikumwuliza atasema nini. Kuhusu mama yake Elieshi kule Sigino, niliuliza kama tunapaswa kumwambia mtoto wake amelalia blanketi la nani. Akasema baridi haijaisha. Mpaka leo mama yule hajui, na kama tumekosa, basi tumekosa.

Bibi Sijaona tulimkuta uani, amekaa kwenye benchi na ungo, anapeta maharage. Rundo lililobaki halikuwa kubwa, lingemalizika siku hiyo. Marietha alikuwa upande wa jikoni anaosha masufuria. Mlangoni pa chumba chake niliona begi limefungwa.

"Shikamoo mama," Mama Brayson akasema.

"Marahaba. Karibuni. Wewe, leta viti."

Huyo "wewe" alikuwa Marietha. Akatuona, akafuta mikono haraka, akatuamkia, akaleta vigoda viwili. Mimi nilikaa. Mama Brayson hakukaa.

Nikasema tumekuja kutoa pole, tumechelewa kusikia. Bibi akaitikia asante kwa sauti ya mtu aliyeitikia mara nyingi. Ungo haukusimama. Yule bibi Kiswahili chake kina uzito wa lugha ya kwao, anakiweka neno moja moja.

"Mama," Mama Brayson akamwambia, "mimi ndiye mwenye lile blanketi. Nina kikundi mjini, tunaazima wazazi mablanketi. Mkweo alikabidhiwa na mimi. Nilimsemesha kwa mdomo wake kwamba si lake, na kwamba lazima arudishe. Lakini tuna utaratibu mwingine. Mtoto akifariki, blanketi ni lake, anakwenda nalo. Huo sikumwambia. Hatuwaambii wazazi, kwa sababu ni kuwatabiria mabaya. Kwa hiyo hakujua. Yeye alitunza mali ya watu. Aliyemnyima mtoto ni mimi."

Marietha alikuwa amesimama karibu na moshi, sufuria mkononi. Akaliweka chini.

"Kumbe lilikuwa lake?" akasema.

"Lilikuwa lake."

"Sasa hivi analo nani?"

"Mtoto mmoja wa Sigino, wa kike. Anaitwa Elieshi."

"Na jina la Konstantini mmelitoa?"

"Lipo," nikamjibu mimi. "Halitolewi. Liko juu ya la huyo mwenzake."

Akatikisa kichwa polepole, mara kadhaa. Bibi Sijaona alikuwa ameacha kupeta. Alitutazama, kwanza mimi, halafu Mama Brayson, kwa muda mrefu, na nikaona kwamba hajaamini. Ningekuwa yeye na mimi nisingeamini. Watu wawili wa mjini wanakuja siku ambayo maharage yanakwisha, wana sukari mkononi, wanamsafisha msichana aliyeshafunga begi.

"Amewaita yeye?"

"Hapana mama. Hakujua tunakuja."

"Unasema mtoto akifa blanketi halirudi."

"Halirudi."

"Na lilirudi. Alilibeba mwenyewe akakupelekea, nilimwona akitoka nalo. Kama utaratibu wako ni huo, ulilipokeaje? Alipofika kwako, mtoto hayupo mgongoni, ulimwambia nini?"

Mama Brayson alifungua mdomo. Kabla hajasema, Marietha akajibu, harakaharaka, macho chini.

"Alinipa pole, mama."

Alisema hivyo kwa adabu tu. Alikuwa anamsitiri mgeni, mtu mzima, asiaibike uani kwa watu. Hakuona kwamba amejikata mwenyewe, maana kama alipewa pole siku ile, basi tulijua msiba na tukachukua blanketi, na utaratibu wetu ni uongo tulioutunga kwenye bajaji. Bibi aliliona hilo mara moja. Mdomo wake ukakaza, akauvuta ungo wake magotini tena.

Nilimtazama Mama Brayson. Angeweza kuinamisha kichwa na kulipokea lile neno. Ingekuwa rahisi, na hakuna ambaye angejua isipokuwa sisi.

"Sikumpa pole," akasema. Sauti yake ilikuwa ileile ya siku zote. "Anasema hivyo kwa heshima yake. Mtoto sikumwuliza. Wala sikumtazama mgongo. Nilimpigia simu kudai blanketi, watu wanasikiliza. Alipolileta nikalinusa kama limefuliwa. Halafu nikamwambia amechelewa."

Bibi akamwinulia macho.

"Ulilinusa."

"Nililinusa, mama. Pembe zote."

"Ukamwambia amechelewa."

"Ndiyo."

Yule bibi akageuza uso kwa mkwewe. "Na wewe ukanyamaza?"

"Aliniuliza blanketi, mama," Marietha akasema. "Hakuna aliyeniuliza mtoto."

Bibi Sijaona akainuka. Ungo ukateleza magotini na maharage yakamwagika benchini na chini, hakuyaangalia. Akavuka ua kwa hatua zake fupi, akamshika Marietha mkono juu ya kiwiko, kwa nguvu, nikadhani anampiga. Akamwita Mama Konstantini. Akamvuta ndani, wakapita kando ya begi, mlango ukafungwa.

Tulibaki uani. Tukasikia kilio cha bibi, kikubwa, cha kizee, na baadaye kidogo cha yule binti kikaingia juu yake, kilio kilichokuwa kimekaa tangu mwezi wa nne. Kuku walikuja kula maharage na hakuna aliyewafukuza. Mimi nilikuwa nalia nimejifunika kanga. Mama Brayson alikuwa amesimama palepale alipokuwa amesimama tangu mwanzo, uso mkavu, macho kwenye ule mlango.

"Unasikia kitu?" nikamuuliza.

Alifikiri.

"Nawasikia wao," akasema.

Nikamshika mkono. Ulikuwa wa baridi, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja hakuuondoa.